Mchochea Moto wa Götzen

Bibi yangu mzaa mama alikubali kwenda harusini Kipili kwa sharti moja tu: twende kwa Liemba. Wajomba walimbembeleza sana. Meli inachelewa, inajaa kupita kiasi, usiku Ziwa Tanganyika linachafuka, na yeye ni mtu mzima. Akawajibu kwamba baba yake aliipanda meli ile ikiwa na mzinga mbele na maadui ziwani, sembuse yeye anayekwenda kula pilau. Hiyo ilikuwa Juni 1995. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani kusubiri kidato cha tano, kwa hiyo kazi ya kumsindikiza na kumbebea kapu ikaniangukia.

Watu wa Kigoma wote wanajua kwamba Liemba ni meli ya Mjerumani. Shuleni tulifundishwa kwamba iliundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi kwetu. Tulitajiwa hata mafundi watatu waliokuja kuiunga upya: Rüter, Tellmann na Wendt. Aliyeyabeba yale masanduku hakutajwa. Nilikuwa najua kwa kusikiasikia kwamba baba yake Bibi alikuwa mmoja wa wabebaji, na kwamba baadaye aliingia melini, lakini habari yenyewe sikuwahi kuisikia kwa mpangilio mpaka siku ile.

Tulipotoka gatini ilikuwa alasiri. Magunia ya dagaa yalikuwa yamejaa kila mahali, mengine yanakwenda hadi Mpulungu, Zambia, na harufu yake imeshika mpaka kwenye nguo. Bibi alikataa kukaa kwenye benchi. Akatandika mkeka wake kwenye sitaha, upande unaotazama nchi kavu, akakaa amenyoosha miguu, akaanza kusimulia bila kuulizwa.

Mzee, hivyo ndivyo tunavyomwita nyumbani, alikuwa kijana wa Ujiji wa miaka kama ishirini hivi. Reli ilipofika Kigoma mwanzoni mwa 1914 alikwenda kutafuta kibarua, akawekwa kwenye masanduku. Vita ikaanza meli ikiwa bado inaungwa. Iliposhushwa majini Februari 1915, Wajerumani walihitaji watu wa kukaa chini na kuchochea moto, maana ilikuwa meli ya stimu na ilikula kuni usiku na mchana. Mzee akateremka huko chini. Hakupewa bunduki. Alipewa koleo na glavu za ngozi, na glavu zenyewe zilikwisha mapema, akaendelea kwa mikono mitupu.

Bibi alikuwa na namna ya kusimulia vita bila kutaja risasi. Alisimulia joto. Alisema Mzee akiwa zamu hakuwa anajua meli iko wapi: Bismarckburg, ambayo sasa ni Kasanga, au katikati ya maji, kwake yote yalikuwa mlango wa tanuri na kengele ya kutoka juu. Mzinga ule wa mbele, uliotolewa kwenye manowari Königsberg baada ya kuzamishwa Rufiji, aliujua kwa mtikisiko uliopita kwenye chuma chini ya nyayo zake.

Jambo alilolisema kwa urefu kuliko yote lilikuwa la Februari 1916. Waingereza walikuwa wameleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazivuta nchi kavu kutoka kusini mwa Afrika hadi ng'ambo, upande wa Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata meli ndogo ya Mjerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari meli ya pili, Hedwig von Wissmann, ikaenda kutazama kumetokea nini, nayo haikurudi. Kesho yake Götzen ikatumwa kuitafuta.

Mzee alikuwa na rafiki kwenye Hedwig, mchochea moto kama yeye, wamekua mtaa mmoja Ujiji, wamebeba masanduku pamoja. Siku ile Mzee alimaliza zamu yake akapanda juu, jambo ambalo hakuwa analifanya, akasimama kwenye ukingo akitazama maji. Meli ilizungukazunguka. Hakukuwa na ubao, nguo wala mtu anayepunga mkono. Kule Lukuga, upande wa Kongo, Waingereza walikuwa wakiwatazama na hawakutoka. Ikageuzwa, ikarudi Kigoma, naye akashuka tena kwenye moto. Baadaye zilikuja habari kwamba Hedwig ilipigwa mpaka ikazama, waliopona wakachukuliwa mateka, na rafiki yake hakuwamo.

"Alikufa chini," Bibi aliniambia. "Waliokuwa juu waliweza kuruka. Wa chini anakwenda na meli."

Yaliyofuata aliyapitia haraka. Eropleni za Wabelgiji zikaja kupiga mabomu Kigoma, mzinga ukang'olewa ukapelekwa kupigana nchi kavu, na mahali pake Wajerumani wakaweka wa mbao ili adui aogope. Julai 1916, walipoona Kigoma haishikiki tena, wakaamua kuizamisha meli wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha wakaipaka mashine grisi nzito kila mahali, kwenye kila kiungo. Hapo Bibi aliinyoosha mikono yake na kunionyesha mpaka kwenye mabega: Mzee alipaka grisi mpaka hapa. Hakuelewa kwa nini kitu kinachokwenda kuzikwa kinapambwa hivyo, mpaka mmoja wa mafundi alipomwambia kwa Kiswahili chake kwamba watarudi. Meli ikatiwa mchanga, ikashushwa taratibu tarehe 26 Julai. Mzee akafuata jeshi kando ya reli hadi Tabora, na Tabora ilipoanguka Septemba 19, akatembea kurudi Ujiji, zaidi ya kilomita 400. Mshahara wake ulikuwa noti za rupia za karatasi, zile zilizochapwa hapa hapa nchini wakati wa vita. Mtawala mpya hakuzitaka. Mkewe alizitia kwenye debe, na mchwa wakazimaliza.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo wakati fundi mmoja wa mashine alipopita karibu nasi kupunga upepo. Bibi akamwita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Zile mashine za Mjerumani bado ziko huko chini? Baba yangu alizipaka grisi."

Yule fundi alichuchumaa kabisa. Akamweleza kwa upole kwamba mashine za stimu ziliondolewa miaka ya sabini, zikawekwa za dizeli. Bibi alinyamaza. Nilimwona akimeza mate. Mwaka 1927, Waingereza walipokuwa wameiinua meli na kuisafisha, yeye akiwa mtoto wa miaka saba hivi, alibebwa mabegani na Mzee kwenda kuiona ikiondoka Kigoma kwa jina lake jipya. Watu wote walikuwa wanatazama moshi kwenye dohani. Mzee aliinamisha kichwa akisikiliza, kisha akasema, "Zile zile." Kwa Bibi, mashine zile zilikuwa baba yake.

"Na chuma hiki?" akauliza, akigonga ukuta uliokuwa nyuma yake.

"Hicho ni kile kile, Bibi. Tazama ribiti zake."

Akageuka, akaziona zilivyojipanga, vichwa vya mviringo vilivyopakwa rangi juu ya rangi. Akapitisha kidole kwenye moja, akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Kisha akamwomba fundi amwitie kijana yeyote wa huko chini. Akaja mvulana aliyekaribiana nami kwa umri, anaona haya, mikono myeusi kwa mafuta. Bibi akaishika, akaigeuza viganja juu, akauliza anaoshea nini. Sabuni ya unga, akasema.

"Haitoki hiyo. Chukua mawese kidogo na mchanga laini wa ufukweni, sugua kwanza, ndipo utie sabuni. Baba yangu alikuwa akifanya hivyo kila jioni."

Kisha akafungua kapu, akampa migebuka ya kukaanga na bonge la ugali wa muhogo tulilofunga kwa ajili ya safari yetu. Sisi tukala karanga.

Tulifika Kipili usiku. Pale wakati ule hakukuwa na cha kugusa gati: mitumbwi ilikuja kwa kelele na taa, na mabaharia wakamshusha Bibi kwa kumshika makwapa, mmoja juu na mwingine chini, huku akiwaamrisha. Kesho yake kwenye shughuli, mzee mmoja wa ukoo alisimama kutusifia, akasema kwamba ukoo wetu umetoka kwa mpiga mzinga wa Mjerumani. Bibi hakumwacha amalize.

"Baba hakupiga mzinga. Alichochea moto. Bila moto mzinga wenu ungekwenda wapi?"

Watu wakacheka, naye hakucheka. Ulipofika wakati wa dua akamwambia shehe amtaje Mzee, na baada yake amtaje rafiki yake wa Hedwig, kwa jina lake na la baba yake. Mzee alikuwa akimwombea hivyo maisha yake yote, kwa kuwa ndugu zake walitawanyika wakati wa vita na hakujulikana nani amemsomea. Jina lile silitaji hapa, kwa sababu mpaka leo hatujawapata wa kuwaomba ruhusa. Bibi alipofariki, dua ya watu wawili ikanijia mimi. Kila hitima nyumbani kwetu Ujiji husomwa hivyo, na wanangu wameshajua kuwa wa pili si ndugu yetu wa damu.