Juno-106 au Polysix?

Jamani, hatimaye nimeamua: nachukua kinanda cha umeme cha Roland Juno-106. Vinanda vyote viwili vilikuwa mezani kwa fundi mmoja hapa Ngamiani, na kusema kweli moyo ulikuwa kwa Korg Polysix. Iliyotoka 1981, ina sauti nene yenye uhai, kila noti inatikisika kidogo kama koo la mwimbaji. Lakini osileta zake (saketi zinazozalisha sauti) huyumba joto likipanda, na joto la Tanga mnalijua. Ukipiga pamoja na fidla na akodiani, tuni ikihama hata kidogo, taarabu yote inaharibika.

Juno ni ya 1984. Osileta zake zinaongozwa kidijitali, hivyo tuni inakaa, ila filta (kichujio cha sauti) bado ni ya analogi, si ya kidijitali. Inatoa noti 6 kwa wakati mmoja, sawa na Polysix, na ina MIDI (njia ya kuunganisha kinanda na vyombo vingine au kompyuta), ambayo Polysix haikutoka nayo kiwandani. Nilibonyeza korasi (kitufe cha kunenepesha sauti), nikasukuma slaida ya filta taratibu, chumba kizima kikajaa. Fundi mwenyewe aliacha kulehemu akasikiliza!

Mnaotafuta vinanda hivi, fungueni kwanza. Polysix ina betri ya kutunza kumbukumbu. Ikivuja inakula njia za shaba kwenye bodi, na hii tuliyoifungua ilishaanza kuota kutu ya kijani. Kwa Juno, piga noti 6 mfululizo. Moja ikikwaruza au kukatika, chipu ya sauti imechoka, na kupata nyingine ni kazi kwelikweli.

Kwenye Juno yangu noti zote 6 zinaitika. Jumamosi naipeleka mazoezini Chumbageni, karibuni.