Milimita Tatu za Tabasamu Langu

Ujiji, Jumamosi jioni.

Juzi nilikwenda Kigoma mjini kuziba gego lililokuwa likinisumbua tangu mwezi wa Ramadhani. Kazi ilipokwisha, daktari alinipa kioo, akaniomba nicheke, kisha akaweka rula ndogo ya chuma mbele ya mdomo wangu na kunionyesha mambo mawili ambayo kwa miaka 38 sikuwahi kuyaona: mstari wa katikati wa meno yangu ya juu umehamia kulia kwa milimita 3, na nikicheka, fizi huonekana milimita 3 juu ya meno. Mwanya aliutaja mwisho, kama kasoro ya tatu, akasema unazibika.

Nilirudi na daladala nikiwa nimefumba mdomo.

Usiku nikasoma kuhusu utafiti wa Kokich na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1999. Wataalamu wa kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida na watu wasio na taaluma hiyo walionyeshwa picha za tabasamu zilizobadilishwa kidogo kidogo. Fizi zilipoonekana kwa milimita 2, wataalamu wa kupanga meno walikwisha kuona ubaya, ilhali wengine wote, madaktari wa kawaida wakiwamo, walivumilia hadi 4. Mstari wa katikati ndio ulionichekesha: wataalamu hao walihitaji uhame milimita 4 ndipo tabasamu liwakere, na wale wengine hata hiyo 4 hawakuitambua. Kumbe pasipo rula, 3 yangu ingempita hata daktari mwenyewe!

Simlaumu, maana jicho lililozoea kupima haliachi kupima. Mafundi mashua wa Kibirizi nao hawapiti kando ya chombo bila kuchungulia maungio ya mbao. Ila mwanya sikubali uingizwe kwenye hesabu hiyo. Kiswahili chenyewe kimeutenga na pengo: pengo huachwa na jino lililong'oka, na mwenye mwanya husifiwa kwa ajili yake.

Leo nimempelekea shangazi migebuka. Baada ya shikamoo nikacheka makusudi, meno yote nje, nikamwuliza kama fizi zangu zimezidi. Akanisogelea, akanikazia macho kwa muda.

"Fizi zipi tena, mwanangu? Una tembele kwenye mwanya."