Vile tunafanya risachi ndefu na Fomu 3

Kila Januari nikitangaza risachi kwa Fomu 3 kitu cha kwanza naulizwa ni, "Mwalimu, hii iko kwa mtihani?" Haiko. Wa Kompyuta na Kilimo wako na projekti ya KNEC, wale wa baraza la mitihani, sisi wa Historia tuna pepa mbili basi, hakuna mahali mtu atapewa maksi ju alikaa hadi Julai akifuata kitu kimoja, kwa hivyo nusu ya darasa inaniangalia kama mtu anawauzia ploti yenye ina kesi. Wanaobaki ndio natembea nao. Kurasa kumi hivi mwishoni. Na kwa maoni yangu kazi yenyewe inaamuliwa kabla ya midtamu ya kwanza, pale swali linapatikana ama linakosekana, hayo mengine ni kusukumana tu.

Ukimwambia mtoto achague mada ataleta Mau Mau, Athari za Ukoloni, ama Umuhimu wa Matatu kwa Uchumi. Si mada mbaya lakini hakuna kitu cha kutafuta hapo, jibu ashajua, na kama hajui ataingia Google Jumapili jioni, anakopi anapesti, saa tatu amelala. Sai mimi hukataa kichwa chochote hakina alama ya kuuliza, halafu namsumbua, wapi? mwaka gani? nani hasa? Wanachoka na mimi kabisa, na ni sawa.

Kuna msichana mmoja wa kutoka Bahati, mtaa wa Eastlands hapa Nairobi, yeye alikuja na Mau Mau. Nikamuuliza unajua nini kilitokea mtaani kwenu 1954? Akajua, tena vizuri: Aprili 24, Operesheni Anvil, askari wa Waingereza wakazingira Nairobi, wakachuja watu mtaa kwa mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 wakaishia kizuizini. Haya, nikamwambia, sasa ile nyumba mwenyewe amebebwa na lori, ikabaki wazi, nani aliingia? Akanyamaza. Akaangalia dirishani. "Si lazima kuna mtu aliingia, mwalimu." Ee, lazima. Ni nani, alipewa na nani, na wale waliotoka kizuizini walirudi wakapata nini? Hapo sikuwa na haja ya kumsukuma tena, alikuwa ananitafuta mwenyewe hadi wakati wa lanchi, na chapati yangu inapoa.

Ya pili ni wapi watatafuta, ju watu hudhani bila maktaba kubwa shuleni huwezi. Tuko Nairobi jamani. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue pale, ile jumba ilikuwa Bank of India zamani, kila mtu hupita hapo akingojea mtu mwingine ("tupatane Archives") na wengi hawajawahi ingia. Peleka barua ya shule mapema na uulize taratibu, usitokee tu na watoto thelathini. Watoto wangu huganda ghorofa ya chini kwa mkusanyo wa Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais 1966, wanapiga picha vinyago na vito, na mimi huwaachia muda wao ju ndio mara ya kwanza wanaona serikali imeweka kitu kizuri wanaruhusiwa kukikaribia. Kwa wa Eastlands kuna maktaba za Kaloleni na Makadara, zilikarabatiwa vizuri na shirika la Book Bunk, na unaweza enda kwa miguu. Halafu kuna kitu walimu wengi hatutumii, Hansard za Bunge, yaani rekodi za mijadala, na Kenya Gazette za zamani, gazeti rasmi la serikali, nyingi ziko Google Books, mtoto na simu ya mamake na bando ya mbao anaandika neno "matatu", anaweka mwaka, anasoma wabunge wakizozana.

Na hapo kwa matatu ndio nilifurahi zaidi. Kijana alikuwa na swali zuri, kwa nini 1973 Kenyatta aliruhusu matatu kubeba watu bila laiseni ya uchukuzi wakati Kenya Bus Service ilikuwa na haki ya kubeba watu Nairobi yote, nani alimlilia? Akaenda kumhoji guka yake, yaani babu, aliyekuwa dereva. Wiki iliyofuata amekuja uso umeanguka, "Mwalimu, guka amechanganya miaka. Anasema alianza kubeba watu kabla ya '73 na haikuwa imekubaliwa." Alikuwa ashachora mstari kwa kitabu, amefuta ushahidi wote, ukurasa mzima! Nikamwambia rudi, na usimuulize mwaka tena, muulize walikuwa wanawakwepa polisi vipi. Alirudi na kurasa hadi akakosa nafasi: abiria waliambiwa wajiite ndugu wa dereva, steji zilikuwa zinahama, kuna askari wa kununulia chai. Guka hakuwa amekosea, ruhusa ilikuta biashara ishakomaa, na hiyo ikabadilisha swali lote, sasa si "kwa nini aliruhusu" ni "angeweza kukataa?" Huwezi fundisha hiyo kwa ubao.

ChatGPT nayo siikatazi, nitaikatazia wapi na mimi naitumia kutunga mtihani. Nauliza tu: hiki kitabu umetaja ulikiona wapi, fungua ukurasa. Mara nyingine kitabu hakipo duniani. Hicho kicheko cha darasa kinafanya kazi kuliko sheria yoyote ningeandika. Maelezo yao yote yako kwa kitabu cha mkono, Ijumaa napitia ukurasa mmoja tu wa kila mtu, umepata nini, wapi, na nini inakusumbua. Kama hakuna inayokusumbua tunaongea.

Mei ndio mwezi mbaya. Wametoka likizo, wamesahau, mechi zimeanza, mtu anakuja na stori ya kitabu kimeloa mvua. Zamani ningedai drafti. Mwaka huu niliwapeleka wakaelezee Gredi 10, wale wa mtaala mpya, wanachofuata, kwa mdomo, bila karatasi, na wale wadogo hawana huruma, "sasa wewe umejuaje?" "nani alikwambia?" Waliotoka hapo wamekasirika ndio walimaliza wa kwanza.

Hao Gredi 10 wako na somo la huduma kwa jamii, ile CSL, na wengi wao bado wanapanga kuokota takataka tena. Nimeshaongea na mwalimu wao, muhula ujao tunataka wachukue wazee wa mtaa mmoja, warekodi, swali moja kila kikundi. Yeye anataka wachague mada kwanza. Bado tunabishana.