Igeuze Ndani Nje Kwanza: Nilivyonunua Nguo Moroko

Nguo ya Moroko haisomwi kwa rangi wala kwa kung'aa kwake. Inasomwa kwenye mshono. Nilipolijua hilo, biashara yote ya kununua nguo kule ikawa nyepesi, na nilichonunua mpaka leo kinavaliwa, na mimi na wale niliowachukulia.

Safari ilikuwa ya mimi na shoga yangu, kwa treni, tukianzia Rabat, kisha Fez, kisha Marrakech, na kumalizia Casablanca. Mdogo wangu alikuwa anaoa, kwa hiyo orodha ilikuwa imeshaandikwa kabla hatujaondoka Mombasa: jilaba za kuvaa mwenyewe, kaftani ya mama ya kuvaa siku ya harusi, na jabadori ya bwana harusi mwenyewe.

Kwa asiyezijua: jilaba ni vazi refu lenye kofia inayoning'inia mgongoni, la wanaume na la wanawake, na ndilo vazi la kutokea kila siku. Gandura ni kama hiyo bila kofia, aghalabu mikono mifupi, ya nyumbani na ya siku za joto. Kaftani ni ya sherehe. Takshita ni kaftani ya nguo mbili, ya chini nyepesi na ya juu iliyofunguka mbele, na kiunoni hukazwa mkanda mpana wanaouita mdamma. Jabadori ni kanzu fupi na suruali yake, na vijana wengi huivaa Idi na harusini.

Rabat tulikwenda kutazama tu. Mtaa wa Rue des Consuls, uliopewa jina hilo kwa sababu ndipo walipokuwa wakikaa makonsuli, yaani mabalozi wadogo, wa nchi za nje zamani, umenyooka, umeezekwa juu sehemu kubwa, na wenye maduka hawakuvuti mkono. Unaweza kusimama, kushika nguo, kuuliza bei, kushukuru na kwenda zako bila maneno. Tukaingia pia kwenye kituo cha kazi za mikono, wanachokiita Ensemble Artisanal. Vituo kama hivyo vipo miji kadhaa, na cha Marrakech kiko barabara ya Mohammed V. Mafundi wanakaa mle mle wakifanya kazi, na bei hazina mapatano. Mara nyingi utapata nafuu kidogo sokoni ukijua kuongea, lakini pale unapata kitu chenye thamani zaidi ya nafuu: unajua kazi nzuri inagharimu kiasi gani mtu asipokuwa anakukisia mfuko. Niliandika bei kwenye simu. Dirham 10, pesa za huko, ni karibu dola 1 ya Marekani, kwa hiyo hesabu ni rahisi.

Lakini shule yenyewe ilikuwa Fez.

Mji wa kale wa Fez hauingii gari. Mizigo hubebwa na punda na baghala, na mwenye mnyama hupiga kelele "balak!" ili umpishe. Tuliingia kwa lango la Bab Bou Jeloud, lenye vigae vya bluu upande wa nje na vya kijani upande wa ndani, tukateremka na njia ya Talaa Kebira mpaka Kissaria, sehemu ya vitambaa na nguo, karibu na zawia (mahali pa ibada) ya Moulay Idriss. Njiani vijana kadhaa walijitolea kutupeleka "kwa mjomba". Tuliwajibu kwa upole, la, shukran, tukaendelea. Anayekupeleka dukani hulipwa na mwenye duka, na malipo yake yanaongezwa kwenye bei yako, hata kama kijana ni mwema na duka ni zuri.

Kando ya kichochoro kimoja nyuzi ndefu zinazong'aa zilikuwa zimevutwa ukutani kutoka msumari hadi msumari, mita nyingi, mtu akizisokota kwa mashine ndogo ya mkononi. Hatua chache mbele palikuwa na kijiduka cha fundi ambacho watu wawili wakikaa kimejaa. Fundi, mzee wa makamo, ameketi miguu ameikunja, jilaba ya sufu ya rangi ya maziwa iko mapajani. Nje ya mlango amesimama mvulana, nyuzi zimezungushwa vidoleni mwake mikono yote miwili, zimevutwa mpaka kwenye nguo. Kila mara fundi anapopitisha sindano, mvulana anapishanisha nyuzi, za kulia kwenda kushoto na za kushoto kwenda kulia. Sindano, pisha. Sindano, pisha. Msuko unatokea pale pale juu ya mshono, mwembamba, umebana. Wanaiita barshman. Tulisimama kwa muda mrefu, na hakuna aliyetufukuza wala kutuuliza kama tunanunua.

Mimi nimekua chini ya cherehani ya shangazi yangu, kwa hiyo niliomba ruhusa nishike. Kiarabu changu ni cha madrasa na cha kwao ni kingine kabisa, ila salamu na adabu vinafika, na Kifaransa cha shoga yangu kikaziba mapengo. Kule fundi unamwita maalem, na ukimwita hivyo anakusikiliza.

"Maalem, naweza kuigeuza nione ndani?"

Akanitazama, akaigeuza mwenyewe. Akanionyesha kwa kidole. Ule mkanda uliosukwa unaoshuka kifuani, sfifa, ukishonwa kwa mkono utaona kwa ndani nukta ndogo ndogo za uzi, zisizolingana sawasawa. Ukishonwa kwa mashine ni mstari mmoja ulionyooka. Kisha vifungo, wanavyoviita aakad. Vya mkono ni vidogo, vigumu, ukivibonyeza kwa kucha havibonyei, na ukivitazama kwa karibu kila kimoja kina sura yake. Vya kiwandani vinafanana vyote na vinang'aa mno. Vifungo vingi vya mkono hutengenezwa na wanawake majumbani, na mji mdogo wa Sefrou, kusini ya Fez, unajulikana kwa kazi hiyo. Kifungo kimoja kimoja, kwa sindano na uzi, na jilaba moja inavitaka kwa makumi.

Baada ya hapo nilijiwekea sharti, na sikulivunja safari nzima: nguo ya mashine nitaipatanisha mpaka mwisho, kazi ya mkono sitaipatanisha mpaka ikaumiza. Jilaba ya mashine ya kitambaa cha polista inapatikana kwa dirham 200 au 300, na muuzaji akianza na 600 kwa sababu anaona wewe mgeni, hapo pana nafasi kubwa ya kuongea. Lakini nguo iliyokaliwa siku nyingi na fundi, mvulana wake na mwanamke wa vifungo, ukitaka nusu bei, nusu hiyo inatoka kwao.

Maalem alikuwa na jilaba nyingine iliyokwisha, ya mlifa, kitambaa laini kizito kidogo wanachokipenda wanawake wakati wa baridi. Rangi ya zambarau iliyoiva. Nikaigeuza. Mshono wa mkono, kila mahali.

"Bei gani, maalem?"

"1,400."

"Allah awarehemu wazazi wako, nifanyie."

Dua hiyo kule ndiyo njia ya kuomba kwa heshima, na kila mtu anaitumia. Akauliza nani alinifundisha kugeuza nguo. Nikamwambia shangazi yangu ni fundi cherehani Mombasa. Akatafakari kidogo. "1,150, kwa ajili ya shangazi yako." Nikalipa. Jilaba ilikuwa ndefu kwangu, na hilo ni la kawaida kwa sababu nyingi hushonwa ndefu. Alipunguza pindo pale pale na hakuniongezea chochote.

Jambo moja la hesabu: wauzaji wazee bado wanahesabu kwa riali, na riali 20 ni dirham 1. Ukisikia mtu anasema "alfu mbili" kwa kiatu, usishtuke wala usikimbie. Uliza kama ni riali. Ni dirham 100.

Kuhusu kuvaa na kupima, madukani ndani ya miji ya kale hakuna chumba cha kupimia. Jilaba unaivaa juu ya nguo zako, mbele ya kioo kama kipo. Nilitoka kila siku na blauzi nyepesi na suruali ya kubana, na hiyo ilirahisisha mambo. Angalia mikono, maana ukiinua mkono isipande mpaka kiwiko. Angalia kofia isikuvute shingo nyuma. Kaa chini, simama, tembea hatua kadhaa, uone mpasuo wa pembeni unakuachia hatua. Na Ijumaa usipange kununua kitu Fez. Baada ya swala watu wanakwenda kula kuskusi nyumbani, na maduka mengi hayafunguliwi tena siku hiyo.

Marrakech nitaipitia haraka, si kwa sababu haina vitu. Ina vitu kupita kiasi, na kelele zake zinachosha macho na masikio. Njia kuu ya Souk Semmarine imejaa mitandio wanayosema ni hariri ya mkaktasi, sabra. Nilimwomba muuzaji uzi mmoja wa ncha, na kwa ridhaa yake nikauwasha kiberiti. Hariri halisi hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Polista huyeyuka na kuwa kishanga kigumu. Ule wetu uliungua kama karatasi, maana yake ni viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na mbao, na nyingi ya sabra inayouzwa huko ndivyo ilivyo. Sikumtia mtu aibu. Mtandio ulikuwa mzuri, unaanguka vizuri begani, na nilinunua kadhaa kwa bei ya viskosi, dirham 70 kila mmoja, kwa ajili ya wifi na mashoga.

Asiyependa mapatano aende mtaa wa Guéliz, au eneo la Sidi Ghanem nje kidogo ya mji, ambako wabunifu wana butiki zao zenye bei zilizobandikwa, vyumba vya kupimia na mashine za kadi. Kuna kazi safi sana kule, kaftani fupi za kitani za kuvaa na jinzi, koti zenye sfifa. Bei ni za juu. Mimi nilitazama, nikajifunza mitindo, nikaondoka.

Kaftani ya mama niliihifadhia Casablanca, mtaa wa Habous. Huu ulijengwa enzi za utawala wa Wafaransa kwa kuiga mji wa kale, lakini njia zake ni pana na hazikupotezi. Wenyeji wa Casablanca wenyewe huja hapo kutafuta nguo za harusi, na ukiona akina mama wa mji wanagombea kitambaa dukani, ingia duka hilo.

Nilikuwa nimechukua gauni moja la mama, lile linalomkaa vizuri kuliko yote, nikalikunja kwenye mkoba. Ushauri huu ningempa kila anayemnunulia mtu aliye mbali: usichukue namba za vipimo, chukua nguo. Mwenye duka, mwanamke wa umri wa mama yangu ambaye nikimwita Lalla kwa heshima, alilitandaza gauni juu ya kaftani ya mahameli ya kijani iliyokoza, bega kwa bega, kwapa kwa kwapa. Akapapasa mshono wa gauni, akasema mama yako ana bega la kulia lililoshuka kidogo. Ni kweli. Shangazi hulirekebisha kila anapomshonea, na huyu aliliona kwenye gauni tupu. Hapo nikajua nguo ya mama inatoka duka hili.

Tuliongea bei tukinywa chai ya nana. Alianza 2,200, tukakubaliana 1,800 pamoja na marekebisho ya bega na pindo, yaliyokwisha alasiri ile ile. Jabadori ya mdogo wangu, ya rangi ya mchanga, sfifa ya mashine lakini kitambaa kizuri, niliipatanisha bila huruma kutoka 700 hadi 450. Alipokuwa akifunga mzigo akaniambia "bsaha", ile dua wanayomtakia mtu aliyepata nguo mpya, nami nikamjibu kama nilivyosikia wenyeji wakijibu, Allah yaatik saha, Mungu akupe afya.

Lipa kwa taslimu ukiwa masokoni, na usibadilishe pesa nyingi kuliko unazohitaji, kwa sababu dirham huruhusiwi kutoka nazo nje ya nchi ila kiasi kidogo. Viatu vya balgha vinuse kabla ya kuvifunga: ngozi ikinuka kali leo, sanduku lote litanuka ukifika. Kaftani ikunje ikiwa imegeuzwa ndani nje, karatasi laini katikati ya sfifa, na nyumbani usiikamue wala kuipiga pasi upande wa nje. Mimi ya mama nampelekea dobi ninayemjua na kumsimamia.

Kitu nilichokiacha ni kushonewa jilaba tangu mwanzo, kwa kitambaa cha sufu na hariri kinachofumwa kwa mkono katika mji mdogo wa Bzou, kitambaa chepesi ajabu ambacho jilaba yake ni ya maelfu ya dirham. Kazi hiyo inataka wiki kadhaa za fundi. Nikijaliwa kurudi nitakwenda moja kwa moja Fez siku ya kwanza, nimwachie yule maalem kitambaa na vipimo, ndipo nianze kutembea.