Siku moja na masanduku ya mawe, Florida

Saa kumi na moja alfajiri nampigia mama. Kwao Tanga ni saa sita mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado uko na yale matope?"

Bado. Mtaani wanadhani nachimba dhahabu. Kazi yangu ni kusoma mapande ya mwamba yanayotolewa na mtambo wa kuchoronga huku Bone Valley, Florida ya kati, kunakochimbwa fosfeti ya mbolea tangu karne ya 19.

Saa moja hadi saa sita: naosha, napima urefu, naandika rangi, nafunga sampuli. Mgongo unaanza kuuma.

Watu huuliza kwa nini tunatoboa mashimo mengi hivyo. Fosfeti hii ilizaliwa baharini, mamilioni ya miaka iliyopita. Maji baridi yenye rutuba yalipanda kutoka kilindini, vijimea vya bahari vikastawi, vikafa, vikazama. Vilipoanza kuoza vikaachia fosforasi, nayo ikaganda ndani ya tope kuwa madini ya apatiti. Kisha bahari ikawa inapanda na kushuka, mawimbi yakapepeta lile tope na kubakiza chembe nzito, pamoja na meno ya papa na mbavu za nguva. Palipopepetwa vizuri pana utajiri. Hatua chache mbele unaweza kukuta mchanga mtupu.

Saa nane radi ikaanza. Wachorongaji wakakimbilia magari, na masanduku matano ya mapande yakarundikwa bila namba wala mshale wa juu na chini. Mvua ilipokatika nikauliza lipi lilitangulia. Mkubwa wao akajibu, "Panga utakavyo, yote ni mawe."

Nilikasirika. Tabaka likiandikwa kwenye kina kisicho chake, wapangaji watachimba mahali pasipo na kitu. Nikapiga magoti kwenye maji, jua limerudi na mvuke unafuka, nikayapitia pande kwa pande. Nikayadondoshea asidi ya nitriki na molibdeti ya amonia: penye fosfeti panageuka manjano. Manjano hapa, manjano pale, lakini hayakuniambia juu ni wapi. Sijui ilikuwa saa ngapi. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Ndipo nikaona, kwenye pande la chokaa ngumu, vishimo vilivyotobolewa na kombe, wale wanyama wa baharini wenye magamba mawili, wakati chokaa hiyo ilipokuwa sakafu ya bahari. Vimejaa chembe nyeusi za fosfeti. Kombe hutoboa kuanzia juu kwenda chini, na chembe humwagikia humo kutoka juu. Midomo ya vishimo inaonyesha juu! Kutoka hapo nikaunganisha mapande mengine, mpasuko kwa mpasuko, hadi sanduku la tano.

Nikachora mishale kwa kalamu nyekundu, mikubwa. Giza lilikuwa limeshaingia. Nikamwita yule mkubwa, nikammulikia vile vishimo kwa tochi. Akainama, akavitazama kimya, kisha akaniomba ile kalamu nyekundu akaiweke kwenye gari lake.