Difu, karai la shangazi na bolti zinazofunguka kinyume

Anayeuliza kwa nini mtu wa Malindi ahangaike kutia LSD, yaani difu (gia zinazogawa nguvu za injini kwa tairi mbili) isiyoacha tairi moja lizunguke ovyo peke yake, kwenye gari la chini kama Honda Integra hajawahi kukwama kwenye njia ya kwenda ufuoni huku vijana wa bodaboda wanamtazama. Gari langu lina injini ya 1.8, gia za mkono, na nguvu zote zinakwenda tairi za mbele. Nikitoka mchangani kuingia lami, tairi la kulia husaga kama mtu anayekuna nazi, na la kushoto limetulia tuli kama mgeni aliyekuja kula tu. Mara tatu nimesukumwa. Mara ya tatu walinipiga picha.

Kosa halikuwa la gari. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa tairi mbili, kwa hiyo lile linaloteleza ndilo linaloamua: likikosa cha kushika, mwenzake naye hapati kitu. LSD hulibana tairi linalokimbia ovyo na kumpa nguvu mwenzake. Integra Type R, iliyotoka Japani mwaka 1995, ilikuwa nayo tangu kiwandani, ile ya gia za mshazari, na giaboksi yake ni ndugu wa damu na yangu. Mimi nilihitaji difu yake hiyo tu.

Barazani kila mtu alikuwa na dawa. Wa kwanza akasema nipunguze upepo kwenye tairi. Huo ni ushauri mzuri, sikatai, lakini nani atajaza upepo kila akifika lami? Wa pili, fundi mwenye gereji yake, akasema, "Lete nikuchomelee zile gia ndogo za ndani, elfu tatu tu, tairi zote zizunguke pamoja." Kwenye gari la kuvuta mbele! Ukikata kona kila tairi lataka mwendo wake, na difu iliyochomelewa haijui hilo. Usukani ungekuwa wa tingatinga na shafti zingekatika kabla sijafika Gede. Wa tatu aliniuzia chupa ya "dawa ya LSD" niitie kwenye giaboksi, difu ileile ya zamani ibadilike tabia. Nilinunua. Tuendelee.

Difu niliipata ya mtumba kutoka Nairobi, ikaja kwa basi. Aliyeituma aliandika juu ya boksi kwa kalamu nene: LSD, MALINDI, na jina langu kamili. LSD ni jina la dawa ya kulevya pia, kwa hiyo dada wa kaunta ya mizigo akanitazama, akatazama boksi, akanitazama tena. Ilibidi nilifungue palepale aone kuwa ni chuma. "Na hiki nacho chavutwa vipi?" akauliza. Bei ilikuwa elfu thelathini na kitu. Mke wangu anajua ni kumi na mbili.

Kushusha giaboksi sisimulii. Aliyewahi kubadilisha klachi anajua. Kwa wenzangu wa pwani nasema moja tu: chumvi imeshakula nati zako za chini, kwa hiyo zimwagie mafuta ya kulegeza siku mbili kabla, si asubuhi ya kazi. Na kwenye kufungua kesi, yaani ganda la giaboksi, kuna kifuniko kikubwa cha bolti cha milimita 32. Kitoe, ndani utaona ringi ya kubana inayoshika beringi. Ipanue kwa koleo huku mwenzako anainua kesi. Usipoipanua, kesi haitoki hata ukiita mtaa mzima. Wengi hapo huchomeka bisibisi na kugonga nyundo, halafu wanashangaa giaboksi inavuja.

Sasa bolti. Gia kubwa ya difu, ile kraunwili, imefungwa kwa bolti kumi, na lazima itoke kwenye difu kuukuu ihamie kwenye LSD. Mimi na binamu yangu tuliibana kwenye jiliwa, tukaanza saa tatu asubuhi. Ya kwanza ikagoma. Tukaimwagia mafuta ya taa. Ikagoma. Tukaipasha moto. Ikagoma. Tukaleta bomba la maji la mita moja na nusu, tukalivika kwenye mkono wa spana, binamu akaning'inia miguu juu. Kach! Tukapigana viganja. Kumbe kichwa cha bolti kimebaki ndani ya soketi peke yake, kama kichwa cha kuku. Tukasema hiyo ilikuwa mbovu, tukahamia ya pili. Kach.

Saa nane tulikuwa tumekaa chini tunanywa maji, hatuzungumzi. Akapita mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa mashine za mashua tangu ujana wake. Tukamwamkia, akaitika, akasimama na bakora yake.

"Mwafungua au mwafunga?"

"Twafungua, mzee."

"Mwafunga."

Akachukua spana, bomba akaliweka kando, akageuza kufuata mshale wa saa, upande ambao kila mtoto anajua ni wa kukaza. Ikalegea kwa mkono mmoja. Honda walizitia bolti hizo uzi wa kushoto! Saa tano nzima tulikuwa tunazikaza kwa nguvu za watu wawili na bomba. Mzee alirudisha spana, akajifuta mikono, akaenda zake bila neno. Afadhali angetucheka.

Zile mbili zilizokatika hazikuwa tabu, kwa sababu uzi uko kwenye kraunwili yenyewe. Difu ilipotoka, vishina vikabaki vimechomoza, tukavishika kwa koleo la kujibana na kuvigeuza, kufuata saa tena. Bolti zote kumi niliagiza mpya, sikutaka ubahili hapo. Zilichukua wiki na ushee kufika.

Wiki hiyo ndiyo iliyonipa akili ya karai. Beringi mbili za difu lazima ziingie kwa kubana sana. Fundi mwenye presi, mashine ya kukandamizia, alitaka hela nyingi, na mwingine alitaka kuzigonga kwa nyundo na kipande cha bomba mbele ya macho yangu. Nikakumbuka kuwa chuma kikipata moto hutanuka na kikipata baridi hunywea. Basi LSD nikaitia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikamwomba muuza samaki ailaze kwenye friza yake, ikalala baina ya changu na tafi. Beringi nikazipeleka kwa shangazi, anayeuza viazi karai. Nikamngoja amalize wateja wa jioni.

"Karai langu walitia nini?"

"Vyuma tu, shangazi, visafi."

Nilizining'iniza kwa waya zisiguse chini ya karai, maana chini moto ni mkali kupita juu. Kipimajoto sina, kwa hiyo nilitia kipande kidogo cha kiazi kibichi. Kikianza kutoa mapovu polepole, mafuta yamepita joto la maji kuchemka kidogo tu, na hapo ndipo pa kuziacha robo saa. Mafuta yakitoa moshi umeshaharibu. Binamu akaja mbio na ndoo, nikaipangusa LSD umande, nikaivika beringi kwa glavu. Ikashuka yenyewe mpaka chini. Tk. Ya pili vilevile. Nilihesabu kumi nikiwa nimeikandamiza ili isirudi juu inapopoa. Ubaya ni kwamba beringi zilitoka na rangi ya manjano na harufu ya ukwaju, nikazisafisha kwa mafuta ya taa na kuzipaka oili mpya.

Kraunwili ilirudi kwa bolti mpya, zikakazwa kwa kupishana hadi Nm 101 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia) kwa spana ya kipimo niliyoazima. Kila kichwa nilikichora mshale kwa kalamu. Nafasi ya ringi ya juu ya beringi inatakiwa isizidi milimita 0.10, yangu ilikuwa ndani, bahati tu. Oili lita mbili na kidogo, ya giaboksi za Honda. LSD ya gia haina sahani za msuguano, haihitaji mafuta maalumu, hata muuzaji akiapa vipi.

Tukainua gari mbele, nikazungusha tairi moja kwa mkono. La pili likazunguka kinyume, kama difu ya kawaida. Barazani wakanicheka: nimeuziwa bandia! Ile ya sahani tairi zingezunguka upande mmoja, lakini ya gia bila mzigo hufanya hivyohivyo. Hupeleka kwa tairi linaloshika nguvu mara kadhaa ya zile za linaloteleza, na sifuri ukiizidisha mara kadhaa ni sifuri. Ndiyo maana tairi likiwa hewani kabisa unagusa breki kidogo huku unakanyaga mafuta, lipate mzigo wa bandia.

Nikawabeba watatu kati yao hadi Mambrui. Nikaingia mchangani makusudi, nikasimama, nikaondoka. Usukani ulinivuta mikono kidogo, hilo sikuwa nalo zamani, lakini tairi zote mbili zilichimba na gari likatoka. Nyuma kukawa kimya, kisha yule wa kuchomelea akauliza kama naweza kumtilia na yeye.

Shangazi nimemnunulia karai jipya. Chupa ya "dawa ya LSD" imebaki nusu, anayeitaka aje aichukue.