Hafanawa

Nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, Mtwara mjini, watoto ambao mwaka mmoja nyuma walisoma karibu kila somo kwa Kiswahili. Madaftari yao ya msamiati yalijaa, na kwenye jaribio la kuandika maana walifanya vizuri. Siku hiyo nikawawekea kwenye spika ndogo hadithi fupi ya mvuvi, iliyosomwa na Mwingereza. Hakukuwa na mvua ya kupiga bati. Sauti ilifika mpaka dawati la nyuma.

Hawakuambulia kitu. Nikairudia. Binti mmoja hodari akaandika kwamba mvuvi aliitwa Hafanawa. Nilipoitafuta sehemu hiyo, msomaji alikuwa amesema "half an hour", maneno matatu kwa pumzi moja.

Nikagawa hadithi ile kwa maandishi, nikawaambia wapigie mstari maneno wasiyoyajua. Waliyopigia yalikuwa machache mno. "Madamu, kumbe ni haya haya tu!" alisema mmoja kwa hasira, na hasira ile ilikuwa ya haki. Sisi tumezoea lugha inayotamka kila silabi na kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza humeza irabu zake na kugandisha neno kwa neno. Mtoto aliyelijua neno kwa macho tu, mtihani wa kuandika utamsifu, lakini mtu akimsemesha atabaki anamtazama.

Aliyejibu maswali yote sawasawa, kwa Kiswahili, alikuwa kijana wa Msimbati mwenye tahajia mbovu kuliko wote. Likizo aliuza madafu ufukweni, kwa wageni. Kwake maneno yalianzia sikioni.

Baadaye nilisoma utafiti wa van Zeeland na Schmitt wa mwaka 2013: familia za maneno (neno pamoja na maumbo yake huhesabiwa familia moja) kati ya 2,000 na 3,000 zinaweza kumtosha msikilizaji kufuata masimulizi ya kawaida. Namba hiyo inanipa moyo sana, maana inafikika. Ila nikiwapima wanafunzi wangu, nahesabu yale tu ambayo sikio linayatambua.

Basi tukakirudia kile kipande, karatasi zikiwa zimefunikwa, mpaka binti yule akanyoosha mkono: "Madamu, nimeisikia ile 'an' katikati!" Nikaandika maneno yote matatu ubaoni. Kijana wa Msimbati akayakazia macho, kisha akataka kujua hiyo h ya "hour" inafanya kazi gani pale.